Kati ya Chombo na Sahani

Kila apendaye muziki na kutaka kuuweka nyumbani mwake ana matumizi ya namna mbili yatokayo katika mfuko mmoja: hununua chombo cha kupigia, na hununua muziki wenyewe, na madhali mfuko una kiasi, shilingi iliyokwenda upande mmoja haitakwenda tena upande wa pili. Mwanzoni jambo hili halionekani kuwa na uzito, lakini miaka ikipita hudhihirika katika hali ya nyumba. Utaingia kwa mtu mmoja ukute spika zimesimama kimo cha mtoto wa chuoni, amplifaya imewekwa kwa taadhima juu ya meza yake ya pekee, na chini yake sahani chache za santuri ambazo mwenyewe huwapigia wageni kwa ajili ya kuwaonyesha spika. Na utaingia kwa mwingine ukute makasha ya sahani na kaseti yamejaa hata uvunguni mwa kitanda, ilhali sindano ya mashine ni ile ile iliyokuja nayo kutoka dukani miaka mingi iliyopita, na kila wimbo anaoupiga hupungua kidogo kwa kupigwa. Wote wawili wana mapenzi ya kweli, na wote wawili wanapata hasara ambayo ingeliepukika kwa tafakuri kidogo.

Zamani hesabu hii ilikuwa nyepesi, kwa sababu chombo kilikuwa na mwisho wake. Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenziwe walipovuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa Kampuni ya Gramophone, ile ambayo karatasi ya katikati ya sahani zake ilikuwa na picha ya mbwa asikilizaye pembe, wasikilizaji wa Unguja na mwambao walizipokea sahani hizo kwa santuri za kutiwa ufunguo kwa mkono, ambazo hazikuhitaji umeme wala kuongezewa kitu. Aliyekuwa nayo alikuwa nayo, na kilichobaki kununuliwa kilikuwa ni sahani na sindano basi. Sindano zile za chuma zilitumika kwa upande mmoja tu wa sahani, yaani dakika tatu hivi, kisha zikatupwa. Kwani sahani za zama hizo zilifanywa kwa lakiri itokanayo na wadudu wa Bara Hindi, ikachanganywa na unga wa mawe, na unga huo ulikuwa ukiisaga ncha ya sindano mpaka ikaenea katika mfereji wa sauti. Hivyo mwenye santuri alikuwa akiulipia muziki hata katika kuusikiliza, wala asingeweza kusahau kuwa sahani ndiyo iliyomfanya anunue chombo. Na asiyekuwa na santuri hakuachwa nyuma kabisa, maana sahani hizo zilipigwa migahawani, watu wakakusanyika wakinywa kahawa na kusikiliza mpaka wakahifadhi maneno ya nyimbo kwa moyo.

Mambo yakabadilika baada ya vita vikuu vya pili. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa LP, sahani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, iliyochukua zaidi ya dakika ishirini kwa upande mmoja. Mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa sahani ndogo ya mizunguko 45. Sahani za stirio zikaenea madukani tangu 1958, Philips ikaleta kaseti mwaka 1963, na CD ikaanza kuuzwa mwaka 1982. Kila moja ilikuja na heri yake, na mimi si katika wale wanaolaani kila kipya. Nyimbo ndefu za Misri, ambazo katika sahani za lakiri zililazimika kukatwa vipande vipande, zilipata nafasi ya kupumua katika LP, na kaseti iliwafikishia watu wa vijiji visivyokuwa na umeme sauti ambazo wasingalizipata maisha yao yote. Lakini mabadiliko hayo yalileta pamoja nayo mazoea mawili yaliyodumu hata leo: mazoea ya kuweka kando chombo kizima kwa kuwa kimetoka kingine, na mazoea ya kununua mara ya pili, na ya tatu, wimbo ule ule ambao mtu alikwisha kuununua. Ni tangu hapo ndipo chombo kilipoacha kuwa na mwisho wake.

Sababu ya chombo kuwashinda watu wengi haiko mbali. Chombo kina takwimu, na takwimu hulinganishwa; mtu anaweza kusoma kuwa amplifaya hii ina wati 50 na ile ina wati 100, akaona kwa macho yake kuwa ya pili imezidi, hata kama hajasikia sauti ya hata moja. Sahani haina kipimo cha namna hiyo. Hakuna karatasi iliyobandikwa juu ya sahani ya taarab ikisema kuwa mashairi ya huyu ni bora mara mbili kuliko ya yule, na anayetaka kujua hana budi aketi asikilize, tena asikilize wakati ambao hana haraka. Kununua chombo ni kazi ya alasiri moja. Kujenga hazina ya muziki ni kazi ya umri. Haistaajabishi, basi, kwamba mtu mwenye shughuli nyingi na fedha kidogo za ziada huzipeleka pale ambapo jibu hupatikana upesi.

Kanuni ninayoipendekeza mimi, na ambayo nimewaona wasikilizaji wa kweli wakiifuata hata pasipo kuitamka, ni hii: asinunue mtu chombo kipya mpaka aweze kuitaja sahani. Ataje sahani aliyo nayo tayari, na ataje mahali katika wimbo, ambapo chombo chake cha sasa kinamnyima kitu kilichomo. Tuchukue mfano wa taarab ya Unguja ya vikundi vikubwa, kama Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905 na Culture Musical Club kilichoanza mwaka 1958, ambamo fidla nyingi huenda pamoja na kanuni, udi, akodiani, nai na dumbak, na chini ya zote hizo kuna besi, lile zeze kubwa la kusimamiwa, lishikalo mwendo wa wimbo mzima. Waya mnene wa besi hiyo ukiachwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya inchi tatu aghalabu haiwezi kutoa chochote cha maana chini ya mitetemo 100. Mtu mwenye nyimbo hizi katika CD, akazisikiliza kwa redio ndogo ya mezani, amenyimwa nguzo ya wimbo. Anasikia fidla zikielea hewani bila ya chini yake kuwa na ardhi. Huyo anayo haki ya kwenda dukani, na akirudi na spika kubwa kidogo ataona kuwa kila sahani aliyo nayo imeongezeka thamani siku ile ile. Lakini mtu ambaye besi anaisikia, na fidla anazitofautisha, na maneno ya mwimbaji hayampotei, kisha akaulizwa ni wimbo gani unaomlazimisha kubadilisha spika naye akakosa cha kutaja, huyo fedha zake zina kazi nyingine inayozisubiri.

Kinyume chake ni sahani za Siti zenyewe. Kurekodi kwa umeme kulianza mwaka 1925, kwa hiyo sahani za Bombay ziliikuta ile elimu mpya, lakini hata hivyo sauti iliyoingia katika sahani za miaka hiyo aghalabu haikupita mno mitetemo 5,000 au 6,000 kwa sekunde, wakati sikio la kijana mzima huweza kufika karibu na 20,000. Spika iliyosifiwa kwa kutoa sauti nyembamba mno haiwezi kutoa kisichokuwamo. Itatoa mkwaruzo tu, tena kwa ufasaha mkubwa. Kinachozifaa sahani hizo ni kitu kidogo na cha bei ya chini kuliko spika yoyote, nacho ni sindano yao wenyewe. Mfereji wa sahani ya mizunguko 78 ni mpana, na ncha ya sindano yake ni nene mara tatu au nne kuliko ya sindano ya LP. Ukiupitisha msumari mwembamba wa LP katika mfereji ule, huanguka mpaka chini kabisa kwenye vumbi na mikwaruzo ya karne nzima, ukaacha kuta ambazo ndizo zilizohifadhi sauti. Nimewahi kuisikia sahani moja ya lakiri ikipigwa kwa sindano ya LP kisha, papo hapo, kwa sindano yake ya haki: mara ya kwanza mwimbaji alikuwa nyuma ya mvua ya manyunyu, mara ya pili alikuwa chumbani, na pumzi aliyoivuta kabla ya ubeti ilisikika. Badiliko kubwa kama lile halikupata kuletwa na amplifaya yoyote niijuayo.

Na kuhusu amplifaya, yafaa tuseme wazi jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio huitambua lakini haliistaajabii. Na ili sikio lihisi kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili, wati sharti zizidishwe mara kumi hivi. Mtu akisikiliza sebuleni kwa sauti ya kiasi, isiyowakera majirani, spika zake hutumia wati moja au mbili tu, wala si hamsini. Kwa hiyo tofauti ya bei baina ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 100, ambayo huweza kuwa fedha nzito, humpa mnunuzi kitu ambacho katika nyumba ya kawaida hatapata siku ya kukitumia. Waya za spika nazo ni hivyo hivyo: waya wa shaba ulio mnene wa kutosha, wa aina auzayo mwenye duka la vifaa vya umeme, hufanya kazi yote itakiwayo katika masafa ya chumba, na waya zinazouzwa kwa bei ya kito hazina siri ambayo shaba haikuwa nayo tangu hapo.

Mahali fedha husikika kweli ni kwenye spika, na zaidi ya spika ni kwenye chumba chenyewe, ambacho watu hukisahau kwa kuwa hawakukinunua pamoja na chombo. Katika nyumba za mawe za Unguja, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, kuta ni nene, zimepakwa chokaa ngumu, sakafu ni ya saruji au ya vigae, na dari ya boriti iko juu. Sauti ikitoka katika spika huzigonga kuta hizo ikarudi, ikazigonga tena, na maneno ya shairi yakapandana hata yasitambulikane. Kwa muziki wa kucheza hasara hiyo ni ndogo, lakini kwa taarab ni kubwa, maana msikilizaji wa taarab anafuata maneno, na fumbo likipotea neno moja limepotea lote. Mkeka peke yake hausaidii sana. Tandika zulia zito baina ya spika na mahali unapoketi, tundika pazia nene ukutani nyuma yako, weka kabati la vitabu upande mmoja, zisogeze spika zitoke pembeni mwa chumba ambako sauti nzito huvimba kupita kiasi, na uzielekeze masikioni. Kisha piga ule wimbo ambao maneno yake yalikuwa yakikutatiza. Nina hakika watu wengi waliokuwa njiani kwenda kuuza spika zao wangeliahirisha safari.

Kuna matumizi ya chombo ambayo kwa hakika ni matumizi ya sahani, na hayo yasihesabiwe kuwa israfu hata kidogo. Sindano ya almasi hudumu saa 500 mpaka 1,000 za kupiga, kwa kadiri ya utunzaji. Ikipita hapo ncha yake hupata pembe kali, ikawa haifuati tena kuta za mfereji bali inazichonga, na kilichochongwa hakirudi. Aonaye uchungu kununua sindano mpya huku ana kasha zima la sahani za mizunguko 45 za Mombasa na Nairobi anaziuza sahani zake kwa bei ya sindano bila ya kujua. La kadhalika uzito wa mkono. Santuri za kale ziliegemeza juu ya sahani uzito uliopita gramu 100, na lakiri ngumu iliustahimili. LP ya plastiki huhitaji gramu moja na nusu au mbili, na ukiitia katika santuri ya sindano ya chuma, hata mara moja, umeiharibu.

Usafishaji nao unataka elimu. Sahani ya plastiki huvumilia mchanganyiko wenye spiriti kidogo, lakini sahani ya lakiri haivumilii hata tone, kwani spiriti huiyeyusha lakiri; na nimeona sahani nzuri iliyofutwa kwa spiriti ya hospitali na mtu mwenye nia njema, uso wake umefifia na kushika weupe mahali kitambaa kilipopita. Maji safi yaliyotoneshwa kutoka mvuke, tone la sabuni laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, mkono ukifuata mviringo wa mfereji wala usiukate, kisha sahani isimamishwe kivulini ikauke, hayo yanatosha. Sahani zisimame wima daima, zisilazwe moja juu ya moja, wala zisikae mahali jua la dirishani litakapozifikia. Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni unyevu: kaseti zikiwekwa ndani ya sanduku lisilopitisha hewa wakati wa masika huota ukungu mweupe kando ya ukanda, na ukanda huo ukipita mashineni hukichafua kichwa cha kusomea, na kichwa kichafu huutia uchafu ukanda mwingine. Fedha ya kumlipa fundi anayejua kusafisha kichwa hicho na kukinyosha kwa bisibisi mpaka sauti nyembamba irudi, na kubadilisha mkanda wa mpira uliolegea kwa joto, ni kidogo kuliko bei ya mashine mpya, tena hubaki mtaani. Ninamwona fundi wa redio, aketiye katika kibanda chake na chuma cha kutilia risasi mkononi, kuwa ni mtu wa lazima katika elimu ya muziki wa nchi yetu, na nasikitika kuona kazi yake inapungua.

Sasa natia nguvu upande wa pili, kwa sababu huko ndiko moyo wangu uliko. Chombo ukikikosa leo utakipata kesho, au utapata kinachokishinda, viwanda havikomi. Sahani ya muziki wetu haiko hivyo. Sahani za mizunguko 45 zilizotolewa na Assanand na Wanawe wa Mombasa kwa nembo ya Mzuri, na nyinginezo za wakati ule, zilitengenezwa kwa ajili ya soko la miaka michache, na nyingi miongoni mwao hazikupata kutolewa tena. Bendi nyingi za dansi za Tanzania zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kutangazwa hewani, na zipo nyimbo ambazo hazikupata kuwa sahani kamwe. Zilibaki katika kanda za redio, na katika kaseti za wasikilizaji walioweka redio zao tayari saa ya kipindi. Zilipokuja enzi za kaseti, maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa yaliwarekodi waimbaji wa mji na kuwafikishia watu sauti zao, lakini kaseti hiyo ikanakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena, na kila hatua ikaongeza mvumo na kupunguza mwimbaji. Mwenye nakala ya kwanza ya kaseti ya mwimbaji Juma Bhalo ana kitu ambacho fedha za spika haziwezi kukirejesha kikipotea.

Kwa hiyo nasema, anunuaye aanze na kilicho haba. Nyimbo za mwanamuziki Franco wa Kongo, aliyefariki mwaka 1989, zimetolewa na kutolewa tena, na hakuna haraka nazo, ingawa utamu wake hauna shaka. Lakini sahani ya mwimbaji wa pwani uikutayo katika duka la vitu vya kale, karatasi yake imefifia na mwenye duka hajui ni ya nani, hiyo ichukuliwe papo hapo hata kama ina mikwaruzo. Mara nyingi wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa sahani ndogo, ukagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, waimbaji upande huu na magitaa yanayochemka upande ule. Basi ikague pande zote mbili kwa mwanga wa kupinda kabla hujalipa, maana upande uliopendwa zaidi kwenye dansi ndio uliochakaa, na si ajabu ukakuta ubeti mzima wa maneno umesalimika upande wa pili. Na kwa asiyeweza kutafuta vitu vya kale, yako makusanyo yaliyofanywa kwa uangalifu, kama mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa kuanzia mwaka 2005, ambao juzuu yake ya pili imekusanya taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Bei ya CD moja ya namna hiyo haifikii bei ya waya mmoja wa mapambo, na ndani yake mna mji mzima.

Tena kuna haki ya tatu katika mfuko huu, isiyohesabiwa na wale waandikao juu ya mitambo, nayo ni ya wanamuziki wenyewe walio hai. Mtu ainukaye katika shughuli ya taarab akaenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa ametumia fedha ya muziki kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Wala sidharau muziki wa kwenye simu: kwa ada ndogo ya mwezi na hedifoni za bei ya wastani kijana wa leo husikia kwa usafi ambao babu yake hakuuota, na hedifoni hizo humwepusha na taabu yote ya kuta za chokaa. Ila ajue kuwa amekodi, na ada ikikatika au nyimbo zikiondolewa hatabaki na kitu. Basi zile asizoweza kuishi bila yake azinunue ziwe zake.

Watu huniuliza kiwango, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili, nami siwezi kutoa kiwango kimoja kwa miaka yote. Mwaka wa kwanza chombo kichukue sehemu kubwa, hata robo tatu, kwa kuwa sahani bila ya chombo ni karatasi na plastiki. Na kinunuliwe kizuri cha kutosha, hata kama kimetumika, mradi fundi amekifungua na kukitazama. Baada ya hapo chombo kiwe na haki ya matengenezo yake tu, yaani sindano, usafishaji na fundi, na kilichobaki chote kiende kwenye muziki, mwaka baada ya mwaka, mpaka itakapotokea ile sahani iwezayo kutajwa kwa jina. Na umri una neno lake pia. Masikio ya mtu wa makamo hupoteza sauti nyembamba kwanza, na mwenye miaka hamsini aghalabu hafiki mitetemo 15,000 aliyokuwa akiisikia ujanani. Kwa hiyo yule akusanyaye fedha miaka ishirini ili anunue chombo cha kilele huweza kukipata siku ambayo hana tena masikio ya kukilipa haki yake, ilhali sahani alizoziacha madukani katika miaka hiyo ishirini zimekwisha kuchukuliwa au kutupwa.

Limebaki jambo la mwisho, nalo linahusu siku ambayo mwenyewe hatakuwapo. Chombo warithi hukitambua, kwa kuwa kinang'aa, na kitauzwa kabla ya matanga kusahauliwa. Sahani hazitambuliki, na zilizo nyingi huishia kugawanywa kwa wapita njia au kuachwa uani mvua izinyeshee. Mwenye hazina aiandike mapema katika daftari: jina la mwimbaji kama lilivyo kwenye karatasi, na kama ajulikanavyo mtaani iwapo ni mbali na hilo, nembo, namba ya sahani, namba iliyochorwa kwenye plastiki karibu na karatasi, nyimbo za pande zote mbili, na mahali na mtu aliyempatia, ikiwa anakumbuka. Kisha, madhali mirathi ina mafungu yake na wasia una mipaka yake, atoe hiba katika uhai wake kwa yule mmoja ambaye amewahi kumwona akikaa na kusikiliza wimbo mpaka mwisho, awe mtoto wake au wa jirani, au chuo kama kile cha muziki wa nchi za jahazi kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002. Wala asivitenganishe: sahani ziende pamoja na chombo kinachozipiga, sindano ya LP na ya 78 kila moja ndani ya kikopo chake kilichoandikwa jina, na daftari juu yake, ili anayepokea aweze kuzipiga jioni ile ile pasipo kumuuliza mtu.